"Take over": kutwaa, kurithi au kutaifisha?

Nilipokuwa nikifundisha katika chuo cha ualimu, sentensi moja ya Kiingereza ilinisumbua kuliko shairi lolote: serikali "took over" shule za misheni. Mwanachuo mmoja aliandika kuwa serikali "ilichukua juu ya shule". Darasa likacheka. Nikawaomba waliocheka watoe tafsiri iliyo bora, wakanyamaza.

Mwingereza hubandika kineno "over" nyuma ya "take", akapata kitenzi kinachobeba ushindi wa vita, urithi wa kazi na hata unyang'anyi, bila kumwambia msikilizaji ni kipi hasa. Kiswahili humtaka msemaji achague.

Waingereza waliishika nchi hii kwa vita, wakaiita Tanganyika mwaka 1920. Huko kulikuwa kutwaa, ingawa hati ya Shirikisho la Mataifa ya 1922 ilizungumzia dhamana. Hata Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, ikabadili bwana.

Azimio la Arusha la Februari 5, 1967 likalipa uzito neno kutaifisha, lililoundwa kwa "taifa", lenye asili ya Kiarabu, na kiambishi cha kusababisha. Siku ya pili yake zikatangazwa benki. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya 1969, shule za misheni zikawa chini ya serikali. Mimi nilikuwa mtoto hapa Matiri. Redio ilisema shule zimetaifishwa. Mwalimu wetu, mtu mwangalifu wa maneno, alisema zimepokewa. Wazee waliofyatua matofali ya majengo yale walisema zimechukuliwa.

Vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976, ilisemwa kuwa mamlaka za mazao zimerithi kazi zao. Marehemu baba, aliyekuwa na mibuni yake, alilikataa neno hilo: mrithi, alisema, hawezi kuwa wa nyumba ile ile iliyomuua marehemu.

Kwa mlinzi au muuguzi anayefika kazini, mambo ni mepesi: anapokea zamu.

Yule mwanachuo alirudi kesho yake na sentensi mpya: serikali ilizitwaa shule. Nilimpa alama zote, kisha nikamuuliza kwa nini hakuandika "ilizitaifisha". Akajibu kuwa kwao, babu yake naye alifyatua matofali.