Mistari ya mkaa nyuma ya mlango

Nilikuwa mkoani Tanga, pande za Korogwe na Handeni, na nimerudi na mada ambayo sisi wanaume huikwepa. Hedhi. Anayetaka kucheka acheke, mimi naendelea.

Ilianza hivi. Pale Korogwe binamu yangu alinipa simu yake nimpelekee kwa fundi, kioo kilikuwa kimepasuka. Fundi alipoiwasha, skrini ikaandika kwamba siku zake zimechelewa kwa siku 4. Tulikuwa watu watano kibandani. Jioni habari ilifika nyumbani kabla yangu, tena imeshaongezewa mimba. Mimba yenyewe haikuwepo. Lakini aliyelia usiku ule ni yeye, si mimi wala fundi.

Kesho yake nikapanda gari kwenda Handeni kwa mama yake, ambaye ni shangazi yangu. Alivunja ungo miaka ya 1970. Anasema kungwi alimfundisha kuhesabu kwa mwezi wa angani, na yeye akawa anachora mistari ya mkaa ukutani nyuma ya mlango. "Baba, aliyeiona alidhani nahesabu madebe ya mahindi," aliniambia. Nyumba ilipokandikwa upya, hesabu ikafutika. Nisimpambe sana kungwi lakini. Hesabu hiyohiyo ndiyo iliyomtangaza binti kwamba sasa anaweza kuolewa.

Waliofuata baada ya shangazi walikutana na mshika hesabu mwingine: shule. Kanuni za elimu za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa makosa ya kimaadili, na mimba ikahesabiwa humo. Ili kuwabaini, shule nyingi zikawa zinawapima wasichana mkojo au kuwaminya matumbo, bila kuwauliza kama wanakubali. Juni 2017 Rais Magufuli akatamka hadharani kwamba aliyezaa hatarudi shuleni. Zuio liliondolewa Novemba 2021, na mwaka 2022 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto ikaitaka Tanzania ikomeshe upimaji huo wa lazima. Kwa hiyo mtu akiniuliza msichana wa Korogwe anaficha nini kwenye simu, namkumbusha kwamba kuchelewa siku chache kumewahi kuwa sababu ya kuitwa ofisini.

Sasa imekuja simu. Februari 2019 gazeti la Wall Street Journal lilifichua kwamba Flo, programu maarufu ya kuhesabu siku, ilikuwa ikiipelekea Facebook habari kama mtumiaji kuwa hedhini au kutafuta mimba. Mwaka 2021 mamlaka za Marekani zikaibana Flo kwa makubaliano rasmi, na Agosti 2025 baraza la mahakama huko California likaamua kwamba Meta, mmiliki wa Facebook, ilivunja sheria ya faragha ya jimbo hilo.

Kwetu ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Sawa. Lakini sheria haikai kibandani kwa fundi.

Niliporudi Korogwe nikakaa na binamu, nikiwa na aibu zangu. Tukazima kwanza zile arifa zinazotokea skrini ikiwa imefungwa. Tukakuta programu ina ruhusa ya kujua alipo na kusoma majina ya watu kwenye simu yake, vitu ambavyo havihusiani kabisa na hedhi. Tukaziondoa. Tukagundua pia kwamba kuiondoa programu kwenye simu hakufuti kilichokwishakwenda kwenye kompyuta za kampuni. Lazima ufute akaunti yenyewe kwanza. Nikamwonyesha Drip, ambayo hutunza kila kitu ndani ya simu na haidai namba wala barua pepe.

Akaitazama, akanitazama. "Kaka, asante," akasema, kisha akaenda kununua daftari. Simu yake, kioo kikipasuka tena, atampelekea fundi mwenyewe.