Kisukari na Uvujaji wa Chumvi: Historia ya Majina

Jina la ugonjwa humfikia mgonjwa kabla ya maelezo ya daktari. Likiwa zuri humwongoza. Likiwa na kasoro humpoteza. Makala haya yanatazama jina moja lililokwisha kukubaliwa na jingine ambalo bado yafaa litafutwe.

Waganga wa kale wa Bara Hindi waliuita ugonjwa wa kisukari mkojo wa asali. Wayunani walitazama wingi wa mkojo, wakauita diabetes, yaani kinachopita. Mwaka 1674 Thomas Willis wa Uingereza aliandika juu ya utamu wa mkojo huo, na mwaka 1776 Matthew Dobson alionyesha kwamba utamu ule ni sukari. Kiswahili kilichukua neno sukari, lenye asili ya Kiarabu, kikalitia kiambishi ki-. Likakaa pamoja na kifafa, kichocho na kipindupindu. Jina ni fupi na lina sauti ya Kiswahili. Kasoro yake ni moja: wengi hudhani kwamba anayeugua amekula sukari nyingi tu.

Mwaka 1966, nchini Marekani, daktari Hillel Gitelman na wenzake walieleza ugonjwa wa nadra ambao damu hupungukiwa potasiamu na magnesi. Jeni yenye hitilafu ilitambuliwa mwaka 1996. Mtoto huugua akiirithi kwa baba na kwa mama. Figo huiacha chumvi ipotee katika mkojo. Mgonjwa huchoka, misuli hukakamaa, naye hutamani chumvi. Aidha, potasiamu ikipungua, kongosho hutoa insulini kidogo, na sukari huweza kupanda katika damu. Hivyo maradhi mawili huweza kukutana katika mwili mmoja.

Tumfikirie mkulima wa Tukuyu aliyepatwa na yote mawili. Akiambiwa ana “ugonjwa wa chumvi”, atafuata mfano wa “ugonjwa wa sukari”: ataiacha chumvi, nayo ndiyo anayoihitaji. Ndizi na viazi mviringo vya Rungwe vina potasiamu, lakini vina wanga pia, kwa hiyo hapana budi apewe vidonge na vipimo. Hata baadhi ya dawa za kuongeza mkojo, wanazopewa wenye shinikizo la damu, hufunga njia ileile ya figo iliyoharibika, zikamzidishia hasara.

Yumkini mtu atapendekeza kimunyu. Wanyakyusa huiita chumvi umunyu, na Kiswahili chenyewe kina neno la kale munyu. Katika nyanda hizi za kusini-magharibi munyu una historia ndefu: huko Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, watu walipika chumvi karne nyingi kabla ya ukoloni. Neno lina mizizi, ila lina kasoro ileile ya kisukari: lataja kitu, halisemi kama kimezidi au kimepungua.

Kwa hiyo twapendekeza uvujaji chumvi wa figo. Ni jina refu, lakini limetokana na kitenzi, kama lile la Wayunani. Mkulima akilisikia ataelewa kwamba chumvi yake inatoka, wala hatadhani kwamba imezidi. Istilahi fupi hupendeza kamusini. Istilahi ya tiba, pamoja na kupendeza, haina budi kumlinda anayeitwa kwayo.