Mapambo ya Fedha ya Dola ya Uthmaniya na Mafundi Wake

Wazee wa Unguja na Mrima waliiita "riale ya Sham" ile sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa wa Austria. Imeandikwa mwaka 1780, ingawa iliendelea kupigwa kwa mwaka huohuo muda mrefu baada ya kifo chake. Ilienea katika nchi za Dola ya Uthmaniya, Uarabuni na pwani yetu, na masonara wakaiyeyusha kutengeneza vikuku na mikufu.

Katika dola hiyo, fedha iliyopimwa ilipigwa mhuri wa tughra, yaani saini ya sultani. Ndani yake mna jina lake na la baba yake, hivyo ajuaye kuisoma hutambua pambo ni la zama gani. Tughra ya Abdülhamid wa Pili, kwa mfano, ni ya kati ya 1876 na 1909.

Mhuri huo humtaja mtawala, si fundi. Mjini Van, Waarmenia walikuwa mabingwa wa savat. Walichonga nakshi, wakajaza mifereji yake mchanganyiko mweusi wa fedha, shaba, risasi na salfa, wakautia moto ukayeyuka, kisha wakasugua hadi mchoro mweusi ukabaki juu ya fedha nyeupe. Huko Midyat, Wakristo wa Kisuryani, ambao lugha yao inatokana na Kiaramu, walisokota nyuzi nyembamba za fedha na kuziunga zikawa kama lesi. Ufundi huu huitwa telkari.

Mwaka 1915 jamii zote mbili ziliuawa kwa wingi na kutawanywa. Wasuryani waliobaki, wengi wao walihamia Ujerumani na Sweden kuanzia miaka ya 1960. Leo kazi zao za kale mara nyingi huuzwa kwa jina la Uturuki peke yake, na waliozitengeneza hawatajwi.

Ndugu zangu, nasi tuko ugenini, na masanduku yetu yana vikuku vya bibi zetu. Tunapoadhimisha Uhuru mwaka huu, kabla hujampelekea sonara kikuku akipime kwa mizani, mpigie simu mama au shangazi umuulize: kilifuliwa wapi, na nani, kwa harusi ya nani? Liandike jibu, ulihifadhi pamoja na kikuku. Kikishayeyushwa, na wazee wakishaondoka, hakuna wa kuulizwa tena.

Heri ya Uhuru.