Juu ya nini treni inakawia wakati wa kugeuka?



Kalemie na Kigoma, reli inaishia ku ziwa. Treni ikifika pale, kichwa chake kinaangalia maji. Ili irudi, kile kichwa kinapashwa kufunguliwa, kizunguke kwa reli ya kando, kifungwe upande mwingine. Kisha mipira ya hewa inaunganishwa na freni zinapimwa. Abiria wanalalamika: "Hatuondoke juu ya nini?" Lakini ile kusimama njo kazi yenyewe.

Miji mikubwa ilisumbuka sana na jambo hili. London, ku gare ya Liverpool Street, reli pia inaishia pale pale, na kila magaribi maelfu ya wafanyakazi walitaka kurudi makwao. Kuweka umeme kungeomba karibu pauni milioni 3. Kampuni ikaona ni ghali mno. Mwaka 1920 wakatumia karibu pauni 80,000 tu. Walitengeneza nafasi ambapo kichwa kingine cha moshi kilingoja tayari. Treni ikiingia, kile kinafungwa nyuma yake na kuondoka nayo; kilichoileta kinabaki, kinaenda kungoja treni inayofuata. Hivyo wakapitisha treni 24 kwa saa moja. Umeme ulifika njia za Chingford na Enfield mwaka 1960 tu.

Leo treni nyingi za mijini ziko na chumba cha dereva pande zote mbili. Hata hivyo dereva anatembea urefu wa treni, anawasha upande mwingine, anapima freni, anangoja ishara.

Na freni haina njia ya mkato. Mwezi wa 6 mwaka 1988, Paris, treni ya wafanyakazi iliingia Gare de Lyon bila freni za kutosha: njiani, bomba la hewa lilifungwa kwa makosa. Ikagonga treni nyingine iliyosimama. Watu 56 walikufa.

Sisi tuliorudi tunajua kugeuka ni nini. Jamaa ikifika na mizigo yake, inauliza juu ya nini inangoja shamba, karatasi, nafasi ya watoto ku masomo. Tuchukue mafundisho mawili. Yale ya London: tutayarishe mambo mbele jamaa haijafika, hata kwa pesa kidogo. Yale ya Paris: tusiruke kuhakikisha shamba ni la nani, hata watu wakinungunika. Kukawia kidogo ni afadhali kuliko kugombana na jirani miaka yote.