Shamba la Ng'ambo: Tarehe ya Mkulima wa Wasini

Wasini ni kisiwa cha mawe. Matumbawe ya kale yamechongoka hadi milangoni mwa nyumba, mto hakuna, na kwa karne nyingi maji ya kunywa yalikuwa ya mvua, yaliyokingwa majabiani. Aliyetaka muhogo na mtama wa kutosha hakuwa na budi kuvuka bahari, akafyeke msitu bara, upande wa Shimoni. Kwa hiyo anayemtafuta babu yake mkulima asiishie kisiwani. Amtafute ng'ambo.

Tarehe ya Wavumba, wenyeji wa Wasini, huanzia Vumba Kuu, karibu na Mto Umba, mpakani mwa Kenya na Tanzania ya leo. Mapokeo yanausimamisha mji huo tangu karne ya 13. Katika karne ya 17 Wavumba waliishinda miji ya Washirazi wa pwani hiyo, na baadaye makao yao yakawa Wasini na Vanga. Mtawala wao aliitwa Diwani, mwenye siwa na ngoma kuu. Alfred Claud Hollis, afisa wa Kiingereza, aliyakusanya masimulizi hayo na kuyachapisha mwaka 1900.

Humo mna madiwani, masharifu wenye asili ya Hadhramaut, vita na ndoa za kupatanisha. Mkulima hayumo. Silsila hutunzwa na mwenye cheo cha kurithisha. Mwenye jembe alirithisha miti.

Na miti ndiyo ushahidi wake wa kwanza. Kwa desturi ya pwani, mnazi ni wa aliyeupanda, hata kama ardhi ni ya mwingine. Akifa, warithi hugawana minazi kwa sheria ya Kiislamu, mwana wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Ukikaa na wazee, usiwaulize babu alikuwa na ekari ngapi. Uliza minazi yake ilianzia wapi, ikaishia wapi, na mkwezi alikuwa nani. Minazi mingi haifiki miaka mia, lakini mwembe huipita, ndiyo maana mpaka wa shamba lililokwisha kufa hukumbukwa kwa mwembe.

Kisha pana karatasi. Hati za zamani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu hulieleza shamba kwa pande zake nne: kibla (kaskazini) pana shamba la fulani bin fulani, matlai (mashariki) njia, kusini mwitu, magharibi shamba la fulani mwingine. Hapo mtafutaji asome polepole, maana babu asiyeonekana kama mwenye shamba huenda akaonekana kama jirani. Tena aliyelima hakuwa lazima mwenye mali. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani hii, chini ya himaya ya Uingereza, mwaka 1907 tu, na mikono mingi iliyofyeka mashamba hayo haikuandikwa popote.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana bara kwa mstari ulioanzia kwenye Umba, na nchi ya Wavumba ikakatwa vipande viwili. Mwaka 1895 Uingereza ikatangaza himaya yake, huku ukanda wa maili kumi wa pwani ukibaki kwa jina mali ya Sultani wa Zanzibar. Ndipo ikaja sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908. Kila mwenye shamba ukandani alitakiwa apeleke madai yake kwa msajili. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Na aliyepewa cheti alichukuliwa kuwa mwenye miti iliyomo pia, isipokuwa haki ya mwingine iwe imeandikwa. Desturi ya kutenga mnazi na ardhi iligeuzwa kichwa chini: tangu hapo mpanzi asiye na maandishi ndiye aliyepaswa kuthibitisha.

Oktoba 1963, Kenya ilipoukubali ukanda huo kutoka kwa Sultani, iliahidi kuziheshimu hati zilizokwisha kusajiliwa. Ahadi hiyo ilimlinda aliyeandikishwa, ikamwacha nje aliyepanda tu. Ndiyo sababu pwani ya leo kuna anayeitwa skwota mahali ambapo babu wa babu yake alipanda. Mwenye kufukua jina la mkulima wa Wasini, basi, anafukua pia daawa ya ardhi ambayo haijafungwa.