Kupumzisha Silinda

Mwambie fundi "zima silinda mbili tubane petroli," na huenda mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye waya za plagi. Hapo ndipo istilahi mbovu inapomgharimu mwenye gari. Plagi ikikosa moto, petroli bado inaingia, haiungui, inaosha oili kwenye kuta za silinda na kutokea ekzosi ikiwa mbichi. Injini inamisi, gari linatetemeka, na kilichookolewa hakipo.

Wanachofanya watengenezaji ni kingine kabisa. Kompyuta inakata petroli ya silinda husika, kisha, kwenye mifumo mingi, presha ya oili inaziachisha kazi valvu zake: ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi zote zinabaki zimefungwa. Pistoni inaendelea kupanda na kushuka, lakini hewa iliyonaswa ndani inabanwa na kuisukuma tena kama springi. Faida yenyewe inapatikana kwenye silinda zilizobaki. Gari likienda bila mzigo, kilango cha hewa huwa karibu kimefungwa, na pistoni zinapoteza nguvu kuvuta hewa kwenye mwanya mdogo. Silinda zikipungua, kila moja inabeba zaidi, kilango kinafunguka, na jasho hilo la bure linapungua.

Cadillac ilijaribu mwaka 1981 kwa injini ya silinda 8 iliyoshuka hadi 6 au 4. Kompyuta za wakati ule zilikuwa nzito mno, wateja wakalalamika. Mwaka 2003 Honda Inspire ya silinda 6 ikaweza kupumzisha 3, na mwaka 2012 Volkswagen ikapumzisha 2 kati ya 4 kwenye injini ya lita 1.4.

Barabara ya Mansa kwenda Nchelenge nchini Zambia, inayofuata bonde la Luapula kupitia Mwense na Mwansabombwe, ndiyo hasa inayoufaa mfumo huu: mwendo mmoja, kilomita nyingi. Ukishaingia kwenye msongamano wa soko la Kashikishi, faida ni ndogo. Na boti ya kuvuka Ziwa Mweru kwenda Kilwa ya Kongo (si ile ya Lindi) haihusiki, ikiwa injini yake ni ile ya kuchanganya petroli na oili. Hiyo haina valvu za namna hii za kufungwa.

Huko ng'ambo, Kilwa na Pweto, Kiswahili ndicho cha sokoni, kwa hiyo jina lazima limwingie fundi akilini. "Kuzima" halifai: gari lililozima ni lile linalosukumwa. "Kufunga" ni baya zaidi, kwani kufunga injini ni kuipachika kwenye gari. Nachagua "kupumzisha", maana silinda hiyo inarudi kazini chini ya sekunde moja ukikanyaga mafuta.

Gari ambalo halikutoka kiwandani na mfumo huu, usikubali lichomolewe waya wa plagi. Lenye nao, libadilishie oili kwa wakati. Oili chafu huziba vitundu vinavyoziamuru valvu.