Mnara na Mwenye Kituo

Kile king'amuzi ukionacho kando ya televisheni katika nyumba za Manyatta, Kisumu, kina historia yake. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, ikatwaliwa na serikali mwaka 1964. KTN, kituo kisicho cha serikali, ikafuata mwaka 1990. Zamani mwenye kituo alirusha picha kwa mnara wake mwenyewe. Mitambo ya dijitali ilizitenga kazi hizo: mmoja hutengeneza vipindi, mwingine huvirusha kwa malipo. Katika ugomvi juu ya jambo hilo, KTN, NTV na Citizen zilinyamaza Februari 2015 hata Machi. Wakubwa walijijengea njia yao. Mwenye kituo kidogo hulipa ada, apate matangazo ya biashara asipate. Naye akishindwa, habari za mtaa wako zitasimuliwa na nani?